Mhitimu na Mkataba wa Ajira ya Kwanza
Mhitimu wa chuo kikuu anayeajiriwa na kampuni binafsi nchini Tanzania anashauriwa kuusoma mkataba wote kabla ya kutia saini, hata kama ameisubiri ajira kwa muda mrefu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Kipengele cha kipindi cha majaribio, ambacho wengi hukipita haraka, ndicho cha kusomwa kwanza.

Aliyesoma kwa mkopo atarajie makato ya asilimia 15 ya mshahara. Makato kuonekana kwenye hati ya mshahara si uthibitisho kuwa fedha zimewasilishwa; taarifa zihakikiwe NSSF na Bodi ya Mikopo mapema.