Picha Nyuma ya Neno

Mwaka 1989, Tim Berners-Lee alipopendekeza wavuti katika maabara ya CERN, Geneva, haja yake ilikuwa kuunganisha maandishi ya wanasayansi. Picha haikupewa nafasi kubwa. Katika vivinjari vingi vya mwanzo haikukaa ndani ya ukurasa kabisa: msomaji alibofya neno lililopigiwa mstari, yaani kiungo, picha ikafunguka katika dirisha la peke yake.

Februari 1993, Marc Andreessen wa Chuo Kikuu cha Illinois alipendekeza alama ya IMG, inayoipachika picha katikati ya maandishi. Kivinjari cha Mosaic, alichokiunda na Eric Bina, kikaieneza mwaka huohuo. Tangu hapo hakuna aliyelazimika kuficha picha nyuma ya kiungo; aliyeificha alikusudia. Sanaa ya kiungo kwenye wavuti ilizaliwa humo. Neno likawa kitendawili: mwandishi anatega, msomaji anategua kwa kubofya, na jibu huenda likapingana na alichokitarajia.

Justin Hall, mwanafunzi wa Swarthmore College nchini Marekani, alianza mwaka 1994 kuandika maisha yake mtandaoni, maneno yake yakijaa viungo. Wengi humhesabu miongoni mwa wanablogu wa kwanza.

Kazi iliyokwenda mbali zaidi ilitoka Moscow mwaka 1996: My Boyfriend Came Back from the War, ya Olia Lialina. Msichana na mpenzi wake aliyerudi kutoka vitani wanajaribu kuzungumza. Kuna picha chache tu za rangi nyeusi na nyeupe: wawili wameketi, hawatazamani, dirisha. Ukibofya, kioo cha kompyuta kinagawanyika vipande, kila kipande na sentensi yake au picha yake. Unaendelea kubofya, vipande vinazidi kuwa vidogo, mazungumzo yanakatikakatika, mpaka yanabaki masanduku meusi matupu. Utengano wao hausimuliwi; msomaji ndiye anayeukamilisha kwa mkono wake.

Mwaka uliofuata Shelley Jackson wa Marekani aliugeuza mchoro wenyewe kuwa kiungo. Katika my body, alichora mwili wa mwanamke. Ukibofya kiungo kimojawapo cha mwili, unapata kumbukumbu na uzushi wa kiungo hicho.

Sanaa hii hufa kirahisi. Yahoo ilipoifunga GeoCities, huduma ya kutengeneza kurasa za wavuti, nchini Marekani mwaka 2009, kurasa za watu wa kawaida zilitoweka kwa wingi. Wanaharakati wa Archive Team waliokoa sehemu ya kurasa hizo, na Lialina, pamoja na msanii Dragan Espenschied, wakajitwika kazi ya kuichambua na kuionyesha upya.

Wahifadhi wetu nao wakianza kukusanya blogu za Kiswahili, wasiridhike kupakua maandishi na picha kila kimoja kwenye jalada lake. Wauhifadhi ukurasa mzima, viungo vikiwa hai, kwa kuwa picha iliyotengwa na neno lake ni nusu ya kazi.