Leseni za Jambo OpenOffice

Mnamo Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya OpenOffice.org ya kuandikia hati na kufanyia hesabu, iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Wanaosoma habari zake hutazama istilahi. Yafaa itazamwe na leseni, maana ndiyo iliyowapa wafasiri ruhusa ya kuigusa kazi ya wengine.

Kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliufungua msimbo wa programu hiyo mwaka 2000 kwa leseni mbili, kila mtu achague aitakayo. LGPL yamtaka anayeibadili programu na kuieneza atoe na msimbo wa mabadiliko yake. SISSL ilimruhusu auzuie, maadamu ameshika kanuni zilizowekwa. Septemba 2005 Sun iliiacha SISSL, na mwaka 2008 LGPL ya toleo la 3 ikashika mahali pa ile ya kwanza. Hayo yalifanyika pasipo kumwuliza kila mchangiaji, kwa kuwa wachangiaji wa msimbo walikuwa wametakiwa kutia sahihi hati ya kushirikiana na Sun haki ya kunakili. Uzito wa jambo ulikuwa katika hati hiyo kuliko katika leseni zenyewe.

Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, haki ile ilihama nayo, kama shamba liuzwavyo na minazi yake. Septemba mwaka huo baadhi ya wachangiaji walijitenga wakaanzisha LibreOffice. Juni 2011 Oracle ikaukabidhi msimbo kwa Apache, ambao leseni yao haimlazimishi mtu kuyatoa mabadiliko yake.

Hata hivyo nakala iliyokwisha kutolewa hainyang'anywi leseni yake. Mtu wa Ngara atakaye kuifasiri programu kwa Kihangaza, au wa Biharamulo kwa Kisubi, aweza hata leo kuanzia nakala ya 2004 kwa masharti ya 2004, bila kuomba ruhusa Dar es Salaam wala Marekani. Akiitia kazi yake katika LibreOffice, masharti ni mengine: LibreOffice yaweza kuchota katika msimbo wa Apache, lakini Apache hawawezi kuchota kwa LibreOffice ila kwa idhini ya mwenye kazi. Hivyo neno moja la Kihangaza laweza kuruhusiwa huku na kukatazwa kule, nalo limebuniwa na mtu yule yule.