Juu ya Silabi za Neno Chikungunya

Msafiri wa Reli ya Kati atokaye Morogoro kwenda Kilosa hupita Kimamba, mahali palipojulikana kwa mashamba ya mkonge. Jina hilo lina silabi tatu: Ki-ma-mba. Mgeni aliyezoea Kiingereza hulikata Ki-mam-ba, akaifunga silabi ya pili kwa m. Kosa ni dogo, wala halimpotezi mtu njia. Lakini kosa la namna hiyo hiyo limeingia katika jina la ugonjwa litajwalo leo duniani kote, na huko limeficha asili ya neno.

Mwaka 1952 homa yenye maumivu makali ya viungo ilizuka katika uwanda wa juu wa Wamakonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika. Mwaka 1955 Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha maelezo yake, na jina likabaki lile la wenyeji: chikungunya. Asili yake ni kitenzi cha Kimakonde, kungunyala, yaani kujikunja, kwa kuwa mgonjwa huinama kwa maumivu. Chi- ni kiambishi kinacholingana na ki- cha Kiswahili.

Basi silabi ni nne: chi-ku-ngu-nya. Kila moja yaishia kwa irabu, na ile ya pili kutoka mwisho, ngu, ndiyo ivutwayo. Wageni wengi hulikata chik-un-gun-ya. Mkato huo wainyang'anya shina k yake na kuibandika kwenye kiambishi. Kisha watenga n na g, tena n na y, sauti zisizotengana.

Msomaji huenda akauliza: je, m na n hazisimami peke yake? M husimama katika m-tu na m-bwa, nayo huhesabiwa silabi kamili. Lakini katika Kimamba m yaegemea b, kama vile katika chikungunya n yaegemea g.

Tena vitabu kadhaa vimeandika kwamba neno hili ni la Kiswahili. Sifa hiyo si yetu. Kiswahili sanifu kingeanza kwa ki-. Yatupasa kuirudisha kwa Wamakonde, ambao ndio waliougua, wakautazama ugonjwa, wakaupa jina. Mwalimu na mtangazaji wakilitamka neno kwa silabi zake, wataihifadhi habari hiyo ndani ya neno lenyewe.