Kizuri Chajiuza? Wapiga Picha za Harusi na Midomo ya Watu wa Pwani

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nasema, ndugu msomaji, hapo wahenga walitufupishia maneno. Kizuri hakina miguu. Lazima apatikane mtu wa kukitia mdomoni akakipeleka mtaa wa pili, na mtu huyo ndiye historia humsahau. Leo nataka tuwazungumze wapiga picha wa pwani yetu, hasa wa harusi, tuone jina la fundi lilikuwa likisafiri vipi zamani, na kwa nini siku hizi safari hiyo imekuwa na miiba.

Tuanze Unguja. Mwishoni mwa karne ya 19, Mgoa mmoja, A. C. Gomes, alikuwa na studio yake pale mjini. Picha za zama zile zilibandikwa juu ya kadibodi ngumu, na juu ya kadibodi hiyo hupigwa chapa jina la studio. Ukiitazama leo utadhani ni pambo tu. Kumbe ndilo tangazo lenyewe! Picha ikipelekwa kwa jamaa wa mbali, jina la fundi limepanda chombo bila nauli. Mmoja wa waliofanya kazi kwa Gomes, Ranchhod Oza, alifungua studio yake mwaka 1930, Capital Art Studio. Baadaye mwanawe Rohit aliendelea nayo. Wateja walifuata mkono wanaoujua, kama mtu anavyomfuata fundi wake wa kushona hata akihama duka.

Mombasa alikuwako N. V. Parekh, ambaye studio yake ilivuma tangu miaka ya 1940 hadi ya 1980. Lamu alikuwako Omar Said Bakor (1932–1993), aliyejifunza kazi mwenyewe, akaanza kwa kuzunguka na kamera kabla ya kukaa studioni. Sasa mji kama Lamu, bwana, ukimharibia mtu picha yake leo asubuhi, kufika alasiri mji mzima unajua. Na ukimpendezesha, wanajua vilevile.

Tupige hesabu kidogo. Kamera ya Rolleiflex ilitoa picha 12 kwa filamu moja. Filamu ya milimita 35 ilitoa 36. Kila ukibonyeza umetumia pesa, kwa hiyo harusi nzima ilibaki na picha chache, na hizo chache zilitiwa kwenye albamu. Albamu haikufungiwa kabatini. Ilikaa sebuleni, na mgeni akiletewa sharubati huletewa na albamu. Aliyeifungua alikuwa na swali moja: "Kapiga nani?" Swali hilo lilimpatia fundi kazi kuliko bango lolote. Ndiyo maana fundi mwerevu hakumsahau mama wa bibi harusi. Albamu ya mama ilitazamwa na watu wengi zaidi kuliko ya maharusi wenyewe.

Linganisha na wapiga picha wa Likoni, kwenye kivuko, miaka ya 1990. Wale wateja wao walikuwa wapita njia, watu wa bara waliotaka kutuma nyumbani ushahidi kwamba wamefika pwani. Mpita njia hana jirani wa kumsifia fundi. Basi jamaa walitundika picha za wateja mbele ya vibanda, penye mapazia yaliyochorwa, ili macho yaifanye kazi ya mdomo.

Lakini harusi ya Kiislamu ya pwani haitaki kutundikwa. Ina upande wa wanaume na upande wa wanawake, na usiku wa kupamba mwanamume hakanyagi. Bibi harusi yuko kichwa wazi, amevaa nguo ambazo wa kuziona ni wanawake wenzake. Hapo swali si "Kapiga nani?" peke yake. Swali ni "Negativi ziko kwa nani?" Mtu angeweza kuwa bingwa wa taa na kivuli, lakini kukisikika kwamba picha ya binti wa watu imeonekana dukani kwa fulani, basi, hana kazi tena. Waliolipeleka neno hilo nyumba kwa nyumba ni wale wale wa siku zote: mpambaji, mpaka hina, somo, mpishi wa biriani.

Mimi haya nimeyaona. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kibarua kwa mama mmoja mpiga picha hapa Mombasa, namshikia taa usiku wa kupamba. Simu zetu huachwa mlangoni. Karamu ikiisha, yule mama huketi na mama wa bibi harusi, wakapanga picha zipi zibaki na zipi zifutwe. Hana picha hata moja ya usiku wa wanawake kwenye mtandao. Vijana wenzangu humcheka: dunia ya leo, usipojionyesha utakula wapi? Lakini kila msimu nawaona akina mama wakija na neno lile lile, "Nimeambiwa wewe picha zako hazitembei." Kenya ilipitisha Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019. Hawa walikuwa na sheria yao zamani, na hakimu wake ni barazani.

Kwa hiyo nadhani ile methali iongezewe kidogo. Kwa fundi wa namna hii, kilichojiuza ni kile alichokificha. Uzuri wa picha ulimpatia harusi ya kwanza. Ya pili na ya kumi aliletewa na kunyamaza kwake.

Na hapa linakuja la kwangu. Akina mama wamesikia kwamba naandika riwaya. Usiku mmoja bibi mmoja aliniita pembeni: "Mwanangu, na wewe utatutembeza?" Nikamwambia kweli, naandika, ila majina nayabadilisha na nyumba nazihamisha mtaa. Akaniangalia sana. "Na sauti zetu je, utazihamisha wapi?"

Bado sijamjibu. Wewe mwenzangu unayeandika, ungemwambia nini?