Chifu wa Turkana: cheo kilichokuja na bunduki

Mkazi wa Lodwar anayetaka kitambulisho huanzia kwa chifu. Mfugaji wa Kakuma aliyeibiwa mbuzi, vilevile. Leo ni vigumu kuifikiria Turkana bila chifu, ilhali cheo chenyewe hakijatimiza hata miaka mia mbili huku.

Kabla ya Mwingereza, malisho na visima viliamuliwa na wazee chini ya mti. Vita na mvua vilikuwa mikononi mwa emuron, mwaguzi aliyeota ndoto na vijana wakazifuata. Lokerio, wa karne ya 19, angali anatajwa. Alikuwa na nguvu, ndiyo, lakini hakudai kodi wala hakumtumikia bwana aliye mbali.

Mwaka 1918 majeshi ya Uingereza yalifanya operesheni ya Labur, yakatwaa mifugo mingi na kuwavunja nguvu Waturkana. Baada ya hapo serikali ilihitaji watu wa kuitikia inapoita: wakusanye kodi, watoe vibarua, wafichue wakaidi. Ndio waliopewa jina la chifu. Kwa Kiturkana wakaitwa ekapolon, mkubwa, ingawa ukubwa wao uliteremshwa kutoka ofisi ya mkuu wa wilaya. Sheria ya mwaka 1937 iliwapa machifu wa Kenya mamlaka mengi, yakiwamo ya kuwapeleka watu kwenye kazi za lazima.

Jomo Kenyatta, aliyefungwa Lokitaung kisha akazuiliwa Lodwar hadi 1961, aliujua utawala huo wa mkuu wa wilaya na machifu wake kwa kuuonja. Alipotwaa nchi hakuuvunja, aliutumia. Makali ya sheria ya machifu yalipunguzwa mwaka 1997 tu, upinzani ulipobana.

Tangu 2013 kaunti ya Turkana ina gavana anayechaguliwa kwa kura. Chifu hachaguliwi: huajiriwa na serikali kuu, na mshahara wake hutoka Nairobi. Kakuma mambo yanazidi kuchangamana. Kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1992 ina viongozi wa vitalu wanaochaguliwa na wakimbizi wenyewe, huku nje ya kambi mwenyeji akimwendea chifu. Mkimbizi, ambaye hana kura ya Kenya, humchagua kiongozi wake wa karibu; mwenyeji mwenye kura huletewa wake.

Kasoro hiyo bunge linaweza kuirekebisha. Chifu anayeidhinisha kitambulisho cha mwananchi apigiwe kura na mwananchi huyo.