Robo ya Karafuu: Pemba Ilitoa Nini na Ikarudishiwa Nini

Katika baraza zetu za Maskati na London mazungumzo ya Pemba huishia katika njia mbili. Wapo wasemao kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri: karafuu zikinukia tangu Mkoani mpaka Konde, hospitali ina dawa, na mwenye shamba analala bila ya wasiwasi. Na wapo, hasa vijana wetu waliosoma vyuo vikuu vya Ulaya, wasemao kwamba Sultani na Mwingereza hawakufanya lolote Pemba ila kukusanya ushuru. Mimi nimezaliwa kisiwani humo, nikasoma chuoni kwa Kiarabu na skuli kwa Kiingereza, na taarikh ndiyo iliyokuwa kazi yangu mpaka nikastaafu. Kauli zote mbili nimezisikia kwa watu ninaowaheshimu, na zote mbili hazisimami mbele ya hesabu. Nataka katika makala haya tuifuate hesabu hiyo katika mambo mawili tu, kilimo na afya, kwa sababu Pemba mambo hayo hayajapata kutengana.

Mkarafuu si mti wa kwetu. Uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na wengi humtaja Saleh bin Haramil al-Abri kuwa ndiye aliyeuleta kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi. Seyyid Said bin Sultan ndiye aliyeueneza. Kisha mwaka 1872 ikapiga tufani iliyoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu mwaka huo mizani imeinama upande mmoja. Pemba, kisiwa kidogo kuliko mwenziwe, ndicho kilichotoa sehemu kubwa ya karafuu zote za dola, na kwa miaka mingi karafuu za Zanzibar ndizo zilizolisha sehemu kubwa ya soko la dunia.

Hapa ni lazima tuseme jambo ambalo katika baraza zetu husemwa kwa sauti ndogo. Mashamba mengi ya mwanzo yalipandwa na kupaliliwa kwa mikono ya watumwa, na hali hiyo iliendelea mpaka sheria ya 1897 ilipoondoa haki ya mtu kummiliki mtu mbele ya mahakama. Wala si mashamba yote yalikuwa ya Waarabu. Wapemba wenyewe walipanda mikarafuu mingi, na wengine waliafikiana na wenye ardhi wapande na wailee miche, kisha miti igawanywe nusu kwa nusu. Kwa hivyo tunapouliza Pemba ilirudishiwa nini, tusiwaulizie wazee wetu tu. Tuwaulizie pia waliochuma, waliochambua na waliokesha wakilinda majamvi yasinyeshewe mvua.

Ushuru wa karafuu ulikuwa robo ya mazao, na kwa muda mrefu ulichukuliwa kwa karafuu zenyewe: frasila nne zikifika forodhani, moja ni ya serikali. Robo hiyo ndiyo iliyokuwa mhimili wa hazina. Je, ilikwenda wapi? Tazama mji wa Unguja. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu, na Dk. James Christie, aliyekuwa tabibu mjini humo, akaandika kitabu kizima juu ya misiba hiyo, kilichochapwa 1876. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, akavuta maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu mpaka mjini. Hiyo ni kazi tukufu ya afya ya umma, na Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Lakini mabomba hayo hayakuvuka bahari. Mpemba aliendelea kuteka maji kisimani na mtoni, na mtoni ndimo alimopatia kichocho.

Baada ya himaya ya Kiingereza kuanza mwaka 1890, Pemba ilipata naibu wa balozi, O'Sullivan-Beare, ambaye mwenyewe alikuwa tabibu. Mwaka 1897 wamisheni wa Kiquaker walianzisha makazi yao Banani kwa ajili ya walioachwa huru. Baadaye serikali ikajenga hospitali Chake Chake, Wete na Mkoani, ikaweka mkuu wa wilaya na maofisa wa kilimo. Haya yalikuwa maendeleo, na asiyeyataja anadhulumu. Hata hivyo mgonjwa wa Micheweni au wa Makangale alikuwa mbali na hospitali hizo, na siku ya mvua alichukuliwa kitandani na jamaa zake kwa miguu.

Ugonjwa mwingine wa Pemba haukuwa wa mwili. Ulikuwa wa deni. Mwenye shamba alihitaji fedha kabla ya msimu ili awalipe wachumaji, na fedha hizo alizipata kwa mfanyabiashara kwa njia iliyoitwa bei khiyari: unamuuzia shamba kwa sharti kwamba ukirudisha fedha kwa muda uliowekwa, shamba linarudi kwako. Kwa sura ya nje ni bei halali isiyo na riba. Kwa hakika ilikuwa rehani, na wengi hawakuwahi kukomboa. Ninayo hati moja ya bibi yangu mzaa baba, imeandikwa kwa Kiarabu kwa khati nzuri, yenye idadi ya mikarafuu na mipaka ya shamba kwa majina ya majirani. Nyuma yake pameandikwa kwa penseli fedha alizolipa kidogo kidogo. Mstari wa mwisho haukutimiza deni.

Bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya 1930, serikali ilishtuka kwa sababu hazina yake ilikuwa inaanguka pamoja na mkulima. Ikafanya uchunguzi wa madeni, na mwaka 1934 ikatoa sheria za kuzuia ardhi ya Mwarabu na ya Mwafrika isihamie mikononi mwa wakopeshaji, pamoja na kukipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu. Mwaka 1937 chama hicho kikapewa mamlaka makubwa juu ya ununuzi na usafirishaji. Wafanyabiashara wa Kihindi wakapinga, na India ikasusia karafuu zetu mpaka yalipopatikana mapatano mwaka 1938. Ndugu zetu Wahindi waliona ni dhulma juu yao, nasi hatuna budi kukiri kwamba sheria iliyogawa watu kwa asili zao iliacha jeraha. Lakini mkulima wa Pemba alipata kitu ambacho hakuwa nacho kabla: mnunuzi wa uhakika na bei iliyotangazwa.

Ukulima wa karafuu ulikuwa na aibu nyingine: kisiwa chenye mabonde mazuri ya mpunga kilikula mchele wa nje. Burma ilipochukuliwa na Wajapani mwaka 1942, mchele ukakatika, na ndipo serikali ilipowahimiza watu kulima muhogo, mtama na mpunga kwa nguvu zote. Wazee wetu waliyakumbuka mabonde. Ila bonde lililojaa maji ni nyumba ya mbu, na mkulima anayesimama majini na konokono wadogo wa kichocho huyalipa mavuno kwa damu katika mkojo. Idara ya kilimo ilihesabu magunia na idara ya afya ikahesabu wagonjwa, na ni nadra kuona karatasi za idara moja zikiitaja nyingine.

Wakati huo huo mikarafuu yenyewe ilianza kuugua. Mti mzima wenye afya ulibadilika majani na kukauka kwa muda mfupi, na watu wakauita ugonjwa wa kufa ghafla. Unguja iliumia zaidi, na Pemba haikusalimika. Wataalamu wakapelekwa, Tidbury akaandika kitabu chake juu ya mkarafuu mwaka 1949, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Nutman na Roberts wakathibitisha kwamba sababu ni ukungu unaoitwa Valsa eugeniae. Dawa haikupatikana. Serikali ikaotesha miche na kuigawa, nayo miche huchukua miaka kabla ya kuzaa. Hii ilikuwa kazi ya subira, na wengi walioipanda hawakuwa na shamba ilipoanza kuzaa vizuri.

Sasa nifike kwenye malaria. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilianza kampeni ya kuitokomeza kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Nilikuwa mtoto. Walipokuja kwetu wapiga dawa na mabomba mgongoni, tulitoa nje vitanda, vyungu, majamvi, hata kuku waliokuwa wakiatamia. Ukuta wa udongo ukabaki na michirizi meupe ya DDT. Bibi alinung'unika kwamba paka wake wamekufa na kunguni wamezidi, lakini mwaka uliofuata hakunung'unika tena, kwa sababu wajukuu hawakuwa wanatetemeka. Kabla ya kampeni hiyo, zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa visiwani walikuwa na vijidudu vya malaria katika damu. Ilipofika 1968 walikuwa wamebaki wachache katika kila mia.

Angalia tarehe hizo vizuri. Kazi ilianzwa chini ya himaya, ikapita katika Mapinduzi ya Januari 1964, ikaendelezwa na serikali iliyotufukuza wengi wetu. Msifu wa zamani hawezi kuidai yote, na msifu wa mapinduzi hawezi kuidai yote. Mwaka 1968 kampeni ikasitishwa na malaria ikaachwa bila ya mlinzi. Katika miaka ya 1970 ikawa imekwisha kurudi karibu na pale ilipokuwa, na safari hii iliwakuta watoto ambao miili yao haikuizoea.

Serikali ya Mapinduzi iligawa mashamba kwa eka tatu tatu, na familia zaidi ya 20,000 visiwani zikapata. Ilitangaza matibabu bila ya malipo, na madaktari wa Kichina wakaanza kuja tangu 1964. Hospitali ya Mkoani ni alama ya msaada wao mpaka leo. Mimi ni mtoto wa familia iliyonyang'anywa shamba, na naliandika hili bila ya kulificha: waliopewa eka hizo walikuwemo wajukuu wa waliozipanda. Lakini serikali hiyo hiyo ikawa mnunuzi peke yake wa karafuu, ikamlipa mkulima sehemu ndogo tu ya bei ya dunia, na Mpemba akaziona karafuu zake zikifuata njia za magendo usiku kuelekea Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, uagizaji wa chakula ulipobanwa, Pemba ikaonja njaa huku maghala yake yana karafuu. Ile robo ya zamani ikawa zaidi ya nusu. Kisha Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa, ikapanda mikarafuu yake ya kuitosha, na katika miaka ya 1980 bei ikaanguka.

Ni ajabu kwamba katika miaka hiyo hiyo ya dhiki ndipo afya ya Pemba ilipopata kazi zake bora. Kichocho kilichokuwa kikiwapata zaidi ya nusu ya watoto wa skuli kikaanza kutibiwa kwa dawa ya prazikwanteli skulini kwenyewe. Katika miaka ya 1990 ilionekana kwamba karibu kila mtoto wa skuli ana minyoo ya aina moja au zaidi, na safura ikawekewa mpango wa dawa kwa skuli zote. Mwaka 2000 ikafunguliwa maabara ya afya ya umma Wawi, karibu na Chake Chake, iliyopewa jina la Ivo de Carneri, na kisiwa kikawa mahali dunia inapojifunzia kupambana na minyoo. Na malaria? Tangu 2003 dawa mpya za mseto, kisha vyandarua na upigaji dawa majumbani, vikaishusha chini ya mtu mmoja katika mia. Safari hii, tunaomba Mungu, isisitishwe. Katika kilimo nako, tangu msimu wa 2011 serikali ilitangaza kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya dunia, na magendo yakapungua sana.

Nikiijumlisha hesabu yangu, nakuta kila serikali iliyotawala Pemba, ya Sultani, ya himaya na ya Mapinduzi, iliichukulia kwanza kama shamba na baadaye kama watu. Kazi zilizofaulu ni zile zilizomfikia mtu nyumbani na skulini kwake, na zilizodumu baada ya mfadhili wa kwanza kuondoka. Zilizoshindwa hazikukosa elimu. Elimu ya mbu ilikuwepo 1968 kama ilivyokuwepo 1958. Zilikosa kuendelea.

Sehemu moja ya hesabu hii bado haijaandikwa, nayo imo mikononi mwenu. Karatasi za serikali zinatuambia frasila ngapi zilipita forodhani. Hazituambii nani aliyechuma, alilipwa nini kwa pishi, mtoto gani alikufa kwa homa msimu ule. Hayo yamo katika hati za bei khiyari, madaftari ya wachumaji na barua ambazo familia zetu zilivuka nazo bahari, na ambazo wajukuu wetu wasiosoma Kiarabu wanakaribia kuzitupa. Msizitupe. Zipigeni picha na mzifikishe kwa wahariri wa jarida hili. Hati ya bibi yangu nimekwisha kuwapa, pamoja na mistari yake ya penseli.