Msasi wa Maweni na Chui wa Unguja

Anayefika Paje, Unguja, leo huona bahari kwanza: mchanga mweupe, matiara ya wageni wanaoteleza juu ya maji, na mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza hapa na Jambiani mwaka 1989. Lakini kisogoni mwa kijiji kuna maweni, na huko ndiko alikotamba msasi.

Kabla ya yote msasi alikuwa mkulima. Maweni ni jiwe la matumbawe lenye udongo kiduchu mashimoni. Mtu hufyeka kichaka, akachoma, akapanda muhogo, kunde au mtama baina ya mawe. Baada ya misimu michache huhama, ardhi ipumzike. Karafuu zikiiva, wengi wa kusini walikwenda mashamba ya magharibi na kaskazini kuchuma kwa ujira, kwani mikarafuu haistawi kwenye jiwe. Konde waliloliacha likawa halali ya nguruwe mwitu, na usiku mmoja wa nguruwe huweza kumaliza jasho la msimu mzima.

Ndiyo maana usasi haukuwa mchezo. Walitoka kwa kundi, wana mbwa, nyavu na mikuki. Nyavu zikitegwa upande mmoja, mbwa na watu wakiswaga kutoka upande wa pili. Nguruwe aliuawa akaachwa, kwa kuwa haliwi na Waislamu. Paa akiwahiwa, alichinjwa na nyama ikagawanywa.

Na alikuwapo chui. Vijijini iliaminika kwamba wachawi huwafuga chui na kuwatuma kwa majirani, kwa hiyo aliyemwua chui aliokoa mbuzi na watu pia. Baada ya Mapinduzi ya 1964, mganga maarufu, Kitanzi, aliongoza kampeni iliyozunguka kisiwa, ikiwasaka wachawi na chui pamoja. Chui akahesabiwa kuwa mnyama mharibifu. Wanaomlaumu msasi leo kwa kutoweka kwa chui husahau kwamba kijiji kilimshangilia na dola ilimruhusu. Hasara ni kubwa, nami naiona hivyo. Lakini si ya kubebeshwa mtu mmoja mwenye mkuki.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mwaka 1932 Reginald Pocock alimpa chui wa Unguja jina la kisayansi kwa heshima ya Aders, mtaalamu wa biolojia wa serikali ya Zanzibar. Paa nunga naye ana jina hilohilo. Wanaume waliowajua wanyama hao kwa nyayo, kinyesi na mapito yao hawakupewa heshima hiyo. Miaka ya 1990 watafiti Martin Walsh na Helle Goldman waliwaendea wasasi na wanakijiji kuwauliza, na sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya chui huyo imetoka vinywani mwao.

Msitu wa Jozani, magharibi ya Paje, ulifanywa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004. Kisha mwaka 2018, chui akiwa amekwisha kudhaniwa ametoweka, kipindi cha televisheni cha Marekani kilionyesha picha ya usiku ya mnyama aliyedaiwa kuwa chui wa Unguja. Mjadala haujaisha. Mimi ningeichukua picha ile kwanza hadi barazani kwa wazee wa usasi, Paje, Jambiani na Makunduchi, niwaulize, na safari hii niandike na jina la kila aliyejibu.